Umemgonga Mbwa au Paka wa Mtu: Mwongozo Kamili wa Kumhudumia Mnyama na Kumkabili Mwenyewe Akiwa na Hasira

Dereva anayemgonga mbwa au paka wa mtu hujikuta na mambo matatu kwa wakati mmoja: mnyama aliyeumia, mtu aliyeumizwa moyo, na swali la nani atalipa nini. Ugomvi mwingi unaozuka kando ya barabara kwa sababu ya mnyama hautokani na ajali yenyewe, bali unatokana na kuyachanganya mambo hayo matatu. Dereva anashuka, na kabla hata hajamtazama mnyama anaanza kueleza kwamba mbwa ndiye aliyemkatisha; mwenye mbwa, ambaye bado hajui kama mnyama wake yu hai au amekufa, anasikia utetezi mahali alipotarajia kusikia pole, na kuanzia hapo hakuna neno litakalopokelewa vizuri.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja tu: mnyama kwanza, mwenye mnyama baada yake, na fidia mwisho kabisa. Nimewalenga zaidi madereva wa Tanzania na Kenya. Mbuzi, kondoo na ng'ombe nimewaacha kando, kwa sababu mazungumzo yao mara nyingi huishia kwenye bei ya mnadani, na bei hiyo inajulikana. Mbwa aliyelinda mlango wa nyumba kwa miaka mingi, au paka anayelala na watoto, hana bei ya mnadani, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Hatua ya kwanza: simama, na usimame salama

Mnyama akiingia barabarani ghafla, kanyaga breki ukiwa umeushika usukani sawasawa, na usiukate kwa nguvu ili kumkwepa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takribani mita 14 kila sekunde, na likiwa kilomita 80 hupita mita 22, kwa hiyo dereva anayeyumba kumwepuka mbwa hana muda wa kuona kama upande anaokimbilia kuna mwendesha baiskeli, mama mwenye ndoo kichwani au lori linalokuja. Hili ni gumu kulisikia kwa anayependa wanyama, lakini uhai wa mtu hauwezi kuwekwa rehani kwa ajili ya mnyama, na hata mwenye mbwa mwenye hasira kali atakubali hivyo akitulia.

Ukishagonga, simama. Nchini Kenya, kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamtaka dereva asimame pale gari lake linapohusika katika ajali iliyomdhuru mtu, gari au mnyama, atoe jina na anwani yake akiulizwa na mwenye sababu ya kuuliza, na aripoti polisi ndani ya saa 24 ikiwa hakutoa taarifa hizo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, nayo inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na atoe taarifa. Wasomaji walioko Uingereza wajue kwamba sheria ya huko ya mwaka 1988 inamlazimu dereva kuripoti anapomgonga mbwa, farasi, punda, ng'ombe, kondoo, nguruwe au mbuzi, lakini haimtaji paka. Hilo lisikufanye umwache paka barabarani. Huko Uingereza mbwa anatakiwa kisheria awe na chipu chini ya ngozi, na kwa upande wa England paka naye tangu Juni 2024, kwa hiyo kliniki yoyote inaweza kumtambua mwenyewe kwa dakika chache.

Egesha pembeni, washa taa za hazadi, weka pembetatu za tahadhari, zima injini, kisha toa ufunguo na uutie mfukoni. Ufunguo unaobaki kwenye gari ndio kitu cha kwanza kunyakuliwa watu wakikusanyika. Kabla ya kulisogeza gari hata hatua moja, inama uangalie uvunguni, kwa sababu mnyama aliyegongwa hujivuta kwenda kwenye giza na kivuli, na madereva wengine wamemmalizia mnyama aliyekuwa bado mzima kwa kurudi nyuma bila kuangalia.

Hali moja tu inaruhusu kutoshuka: pale unapoona wazi kwamba umati umekwisha kupandwa na hasira, watu wameshika mawe au fimbo, na maisha yako au ya abiria wako yako hatarini. Hapo funga milango, endesha taratibu bila kumgusa mtu, nenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu, toa taarifa, na uombe kurudi ukiwa na askari. Namba 112 inapatikana katika nchi zote mbili. Hata hivyo nawasihi madereva wasiitumie nafasi hii kama kisingizio. Watu watatu wanaopaza sauti si umati, na mtu anayelia kwa sauti ya juu hajakutishia maisha.

Hatua ya pili: mnyama

Mkaribie kutoka ubavuni, taratibu, ukiongea kwa sauti ya chini. Usimkaribie ukielekeza uso wako kwenye mdomo wake, wala usimkumbatie. Mbwa mpole kuliko wote huuma anapokuwa na maumivu, na humuuma hata bwana wake. Hafanyi hivyo kwa ubaya.

Kama ni mbwa na anaweza kung'ata, mfunge mdomo kwa utepe mrefu wa kitambaa, kwa mfano ukanda wa khanga, bendeji au tai. Tengeneza kitanzi, kipitishe juu ya pua yake ukiwa umesimama nyuma ya kichwa, kaza fundo la kwanza juu ya pua, vuka ncha mbili chini ya kidevu, kisha zifunge nyuma ya masikio. Usimfunge kabisa ikiwa anatapika, anapumua kwa shida, ametokwa na damu mdomoni, au ni wa aina yenye pua fupi iliyobonyea, kwa sababu utamziba pumzi. Paka hafungwi mdomo. Mfunike taulo, shuka au koti lote pamoja na kichwa, mzungushe nalo ili makucha yasikufikie, kisha mweke ndani ya boksi au kreti na kuacha matundu ya hewa. Giza humtuliza paka kuliko maneno yoyote.

Sasa tazama mambo manne. La kwanza ni pumzi: mbwa aliyetulia huvuta pumzi kati ya 10 na 30 kwa dakika, naye paka akihema mdomo wazi baada ya kugongwa, hiyo ni dalili ya hatari, maana paka kwa kawaida hahemi hivyo. La pili ni fizi: inua mdomo wa juu ikiwa ni salama, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia; rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zilizopauka, au rangi inayochelewa kurudi, maana yake ni kwamba mnyama anapoteza damu, pengine ndani kwa ndani, na kila dakika ina thamani. La tatu ni damu ya nje: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika tano hadi kumi bila kukifunua kuchungulia, kikilowa, ongeza kingine juu yake. La nne ni miguu na mgongo: ukiona miguu ya nyuma inaburutika bila nguvu, chukulia kwamba uti wa mgongo umeumia, na usimnyanyue kwa mikono. Mtelezeshe juu ya ubao, mlango wa kabati, mkeka wa gari ulio mgumu, au shuka iliyovutwa na watu wawili ikawa bapa, ukimvuta mwili wote kwa pamoja.

Usimpe maji, maziwa wala chakula, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa kwa dawa ya usingizi. Usimpe dawa yoyote ya binadamu. Paracetamol, ambayo karibu kila nyumba inayo, humuua paka hata kwa kidonge kimoja, na diclofenac na ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa. Usijaribu kumuunga mfupa. Na nasema haya kwa msisitizo kwa sababu nimewasikia wengi wakishauri kinyume: usimmalizie mnyama kando ya barabara kwa jiwe au kwa gari ukidai unampunguzia mateso. Uamuzi huo ni wa daktari kwa ridhaa ya mwenye mnyama, na unafanywa kwa sindano.

Mnyama akiinuka na kukimbia baada ya kugongwa, usidhani kwamba mambo yamekwisha. Kupasuka kwa kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), kuchubuka kwa mapafu na kupasuka kwa kibofu cha mkojo kunaweza kujificha kwa saa nyingi huku mnyama akitembea. Mwenyewe aambiwe hivyo bila kuzunguka, na aangalie kwa siku mbili kama mnyama anakojoa, anakula na anapumua vizuri, hata kama tayari ameonwa na daktari.

Ukiumwa au ukikwaruzwa, hata kidogo, jambo hili linapanda daraja kuliko ajali yenyewe. Kichaa cha mbwa kipo Afrika Mashariki, karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba inayotegemewa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Muulize mwenye mbwa kadi ya chanjo, lakini usisubiri aipate. Mbwa aliyekuuma akifa, mjulishe afisa mifugo wa kata kabla hajazikwa, kwa sababu huenda akahitaji kupeleka kichwa maabara.

Hatua ya tatu: mtafute mwenyewe

Mwenye mnyama mara nyingi yuko karibu kuliko unavyodhani. Waulize wenye duka, mama ntilie, vijana wa bodaboda kwenye kijiwe, na watoto. Watoto wanawajua mbwa na paka wa mtaa mzima kwa majina. Mtume mtu mmoja akamwite huku wewe ukibaki na mnyama. Usipompata, mwachie mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa serikali ya mtaa jina lako, namba ya simu, namba ya gari na jina la kliniki unakompeleka mnyama, na kwa Kenya mtafute chifu au mzee wa mtaa. Kumchukua mnyama wa mtu bila kuacha taarifa kwa kiongozi kunaweza kuonekana kama wizi, hata ukiwa na nia njema.

Angalia pia asije mtu asiyehusika akajifanya mwenyewe kwa sababu amenusa pesa. Mwenye mnyama hujulikana kwa jinsi mnyama anavyomtambua, kwa picha zilizo kwenye simu yake, kwa kadi ya chanjo, au kwa ushahidi wa majirani. Huna sababu ya kubishana na mwongo. Mwambie tu kwamba mtazungumza mbele ya mjumbe.

Hatua ya nne: kumkabili mwenyewe

Hapa ndipo mwongozo huu unapohitaji subira yako. Mtu anayemkuta mnyama wake katikati ya damu hawezi kupima maneno. Atauliza maswali yasiyotaka jibu: ulikuwa unakimbilia wapi, huna macho, ungekuwa mtoto ungefanyaje. Ukiyajibu moja moja, utaonekana unabishana na msiba. Hasira ile inamtafuta mtu wa kusimama mbele yake, na mtu huyo kwa sasa ni wewe. Ukisimama bila kukimbia na bila kujibu kwa ukali, kwa kawaida hushuka yenyewe, maana mwili wa binadamu hauwezi kupiga kelele kwa nguvu ile ile kwa muda mrefu.

Simama hatua tatu au nne kutoka alipo, mikono ikionekana, simu ikiwa mfukoni. Usivae miwani ya jua. Usibaki ndani ya gari ukizungumza kupitia kioo kilichoshushwa nusu, kwa sababu hakuna kinachomchoma aliyefiwa kama kuzungumzwa naye na mtu aliyekaa. Akiwa ni mzee wako kwa umri, shikamoo moja fupi inatosha. Asipoitikia, usirudie, wala usichukue ukimya wake kuwa dharau. Kisha mwambie mambo manne kwa sentensi fupi: ni wewe uliyekuwa ukiendesha, umemgonga, hali yake ni hii, na unapendekeza jambo hili lifanyike sasa. Kwa mfano:

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Nimemgonga mbwa wako hapa. Yuko hai na anapumua, lakini mguu wa nyuma umevunjika na fizi zimepauka, anahitaji daktari sasa hivi. Pole sana, mama. Gari langu lipo, naomba tumpeleke pamoja."

Tazama kilichokosekana katika maneno hayo. Hakuna neno "lakini" linalomrushia lawama, hakuna maelezo ya mwendo, hakuna ahadi ya pesa. Kuna ukweli, kuna pole, na kuna kazi ya kufanya. Kazi ndiyo dawa kubwa ya dakika zile: mtu aliyepewa kushika shuka upande mmoja, au kumshika mbwa wake kichwa garini, anapata mahali pa kuipeleka ile nguvu iliyokuwa inatafuta pa kulipukia.

Kama mnyama amekufa, mwambie kwamba amekufa. Usiseme "ameumia kidogo" ili kununua muda, kwa maana atamwona mwenyewe baada ya dakika moja na hatakuamini tena kwa lolote. Mfunike mnyama kwa kitambaa kabla mwenyewe hajafika, umsogeze pembeni ya barabara kwa heshima, na usimburute kwa mguu wala mkia mbele ya watu. Kuna Waislamu ambao kwa sababu za twahara, yaani usafi wa kiibada, hawatapenda kumgusa mbwa aliyelowa. Hilo lisichukuliwe kuwa ni kukosa huruma, na wewe ukijua hivyo jitolee kumbeba bila kuombwa.

Yako maneno ambayo hayafai kusemwa hata kama unayaamini. Usiseme "ni mbwa tu". Usiseme "nitakununulia mwingine", angalau si siku hiyo, kwa sababu kwake hakuna mwingine. Usiseme "mngemfungia", hata kama ni kweli kwamba geti lilikuwa wazi. Ukweli huo una wakati wake, nao ni mbele ya mpatanishi. Usiseme "ni mipango ya Mungu" kabla yeye mwenyewe hajasema hivyo, kwa sababu ikitoka kwa aliyegonga inasikika kama njia ya kukwepa. Na usitoe noti mfukoni katikati ya kilio. Pesa inayotolewa mapema namna hiyo humaanisha kwa anayeiona kwamba unataka kuondoka.

Akikutukana, vumilia. Akikusukuma, rudi nyuma na uombe mtu mzima aliye karibu, ikiwezekana mtu anayeheshimiwa pale mtaani, asimame kati yenu: "Mzee wangu, naomba utusaidie, sitaki kugombana na ndugu yangu huyu." Ombi la aina hiyo huwageuza watazamaji kuwa wasuluhishi, na ndiyo silaha bora uliyonayo mbele ya kundi. Mtu akichukua ufunguo wako, usiung'ang'anie. Sema kwa sauti inayosikika kwamba hukatai kubaki, na kwamba unaomba mjumbe na polisi waitwe. Abiria wako nao waambiwe wanyamaze. Mara nyingi mimi huona kwamba dereva ametulia kabisa, halafu rafiki yake aliyekaa nyuma anatoa neno moja la kejeli na kila kitu kinaharibika.

Mtoto akiwa ndiye mwenye mnyama, zungumza kwanza na mzazi au mlezi, kando, na umwachie yeye aamue mtoto aone nini na aambiwe nini. Ukiruhusiwa kuzungumza naye, chuchumaa, mwambie ulimgonga bila kukusudia na kwamba umesikitika. Usimwambie amelala.

Hatua ya tano: kwa daktari

Piga simu kabla ya kuondoka, maana kliniki nyingi za wanyama hazifunguliwi usiku. Afisa mifugo wa kata yupo sehemu nyingi na anaweza kutoa huduma ya kwanza, dripu na dawa ya maumivu, lakini vifaa vyake vingi vimeandaliwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, na kwa mfupa uliovunjika au damu ya ndani utahitaji mahali penye picha za eksirei na chumba cha upasuaji. Kwa walio karibu na Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama ya kufundishia. Kwa walio Nairobi, kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na chama cha kulinda na kutunza wanyama, KSPCA, kimekuwepo nchini humo tangu 1910. Duka la dawa za mifugo si kliniki, hata kama muuzaji amevaa koti jeupe.

Mwenye mnyama akae nyuma pamoja na mnyama wake, na wewe uendeshe taratibu. Mkifika, daktari atataka kujua saa ya ajali, mnyama aligongwa upande gani, na kama tairi lilimpanda au alirushwa tu. Majibu hayo unayo wewe, kwa hiyo yaseme wazi hata kama yanakuweka pabaya. Uamuzi wa matibabu uachie mwenyewe. Daktari akisema hakuna njia ila kumpumzisha kwa sindano, toka nje, usishawishi upande wowote, na usimharakishe. Kama amekufa, uliza kwa upole wanapenda azikwe wapi, na ujitolee kuchimba au kumlipa mchimbaji. Shimo liwe na kina cha kama mita moja, mbali na kisima, ili mbwa wengine wasimfukue.

Hatua ya sita: fidia, maandishi na bima

Kisheria mnyama wa kufugwa ni mali ya mtu, na dereva anayetafuta haki yake ana hoja halali: mwendo wake, geti lililoachwa wazi, giza, mnyama kujitupa barabarani. Vilevile mwenye mnyama ana hoja zake: eneo la makazi lenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, alama za matairi, simu uliyokuwa umeshika. Hoja hizi zizungumzwe kesho yake au keshokutwa, zikiwa na mtu wa kati. Siku ya ajali piga picha za mahali, alama za breki, gari lako na taa za barabarani kama zipo, lakini usipige picha za mwenye mnyama akilia, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga picha mnyama.

Gharama za matibabu ya kwanza ningekushauri uzilipe au uzichangie bila kusubiri kuamuliwa kosa ni la nani, kwa kuwa mnyama hawezi kusubiri kesi. Lipa moja kwa moja kwa kliniki, na uchukue risiti. Ukiombwa kiasi usichokiweza, sema ukweli kuhusu uwezo wako na mpange mafungu. Ahadi usiyoweza kuitimiza itakufuata kwa aibu kubwa kuliko kukataa kwa adabu.

Mkikubaliana, andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari. Iwe na tarehe, mahali, majina yenu, namba ya gari, maelezo ya mnyama, kiasi na siku za kulipa, sahihi zenu na za mashahidi wawili, na ikiwezekana muhuri wa serikali ya mtaa. Sentensi muhimu iwe kama hii: "Malipo haya yanamaliza madai yote yanayotokana na ajali hiyo, isipokuwa gharama za matibabu ya kurudia zilizoorodheshwa hapa chini." Pesa ipitie kwenye simu au benki ili muamala ubaki kuwa ushahidi, na kila mmoja abaki na nakala.

Mbali na pale sheria nilizozitaja mwanzoni zinapotaka, ripoti polisi pale ambapo mnyama ameuawa na hakuna makubaliano, pale mtu ameumia, pale gari limeharibika na utadai bima, au pale umetishiwa. Kuhusu bima, soma mkataba wako: bima ndogo (third party) hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe, na kama inalipa mali ya mtu mwingine au la hutegemea kilichoandikwa humo. Ijulishe kampuni mapema na usiandike popote kwamba kosa ni lako kabla ya kuwasiliana nayo, kwa sababu mikataba mingi inakataza hilo. Kusema "nimemgonga" ni kueleza kilichotokea, na hakuna kampuni inayoweza kukulaumu kwa kusema kweli na kutoa pole.

Mkishindwa kuelewana kabisa, mwenyekiti wa mtaa, kiongozi wa dini anayeheshimiwa na pande zote, au mzee wa ukoo anaweza kuwakutanisha. Mahakama ipo, lakini kwa thamani ya kesi nyingi za namna hii nauli na siku zinazopotea huzidi kinachodaiwa.

Hatua ya saba: siku zinazofuata

Baada ya ajali usiendeshe mara moja ikiwa mikono inatetemeka. Kaa, kunywa maji, mpigie mtu wa nyumbani, na kagua bampa, rejeta na taa za mbele kabla ya kuondoka. Wengine huota ajali hiyo usiku kwa muda. Zungumza na mtu, usijifanye mgumu.

Mpigie mwenye mnyama baada ya siku moja au mbili, mara moja, kwa kifupi: anaendeleaje, na kama kuna linalohitajika katika yale mliyokubaliana. Asipopokea, tuma ujumbe wa maneno machache na usimsumbue tena mpaka siku ya malipo iliyopangwa. Mtu mwingine atakuambia hataki kukusikia, na hiyo ni haki yake. Katika hali hiyo mpitishie mjumbe au kliniki kilichobaki. Kama mnyama amenusurika, kumbuka kwamba nyuzi hutolewa kati ya siku 10 na 14, na kwamba mfupa wa mbwa mzima huchukua wiki sita hadi nane au zaidi kuunga, kwa hiyo safari za kurudi kliniki zitakuwepo. Kama mliandika kwamba utazigharimia, usisubiri kukumbushwa: piga kliniki ujue tarehe, na ulipe siku moja kabla.